Bei ya Mto

Mwaka 1985 pikipiki za Salamabila, mji wetu wa dhahabu mashariki mwa Kongo, ungeweza kuzihesabu ukiwa umekaa barazani kwako, kwa kusikia mlio tu. Kila moja tulimjua mwenyewe kabla hajatokea kwenye kona. Sisi wengine tulikwenda kwa miguu, na aliyejaliwa alikuwa na kinga, baiskeli ya chuma ya kusukumia gunia.

Hata hizo chache zilikuja kwa sababu ya sheria. Kampuni ya Wabelgiji ilichimba dhahabu ya Namoya, hapa hapa kwetu, tangu miaka ya 1930, ikaacha mwaka 1961. Baada yao watu waliendelea kuchimbua kwa kujificha, wakikimbizana na askari. Novemba 1982 serikali ya Mobutu ikatoa sheria ya kumruhusu raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, kuchimba na kuuza dhahabu kwa mkono, kwa masharti na katika maeneo yaliyotajwa. Kwetu hakuna aliyesoma masharti. Watu walisikia neno moja tu, ruhusa, na vilima vya Mwendamboko, Kakula na Muviringu vikajaa wachimbaji mchana kweupe. Fedha ikaonekana. Na mtu aliyepata fedha Salamabila siku zile alitaka vitu viwili: mabati ya nyumba na pikipiki.

Mimi nilikuwa kijana, mwanafunzi wa ufundi wa mashine, nikifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja tuliyemwita Patroni. Alinunua dhahabu kwa mizani ndogo ya mkononi, na vijiti vya kiberiti ndiyo mawe yake ya kupimia. Yeye na wenzake watatu waliagiza Yamaha AG 100 nne kutoka Lubumbashi. Hawakuzitaka kwa matembezi. Walitaka kupeleka chumvi, sabuni na vitenge kwenye kambi za wachimbaji kabla mwenye baiskeli hajafika nusu ya njia.

Reli inayotoka Lubumbashi hupita Kamina, Kabalo na Kongolo, kisha hufuata upande wa magharibi wa Lualaba hadi Kindu. Kasongo iko mashariki ya mto, na sisi wa Salamabila, katika Kabambare, tuko mashariki zaidi. Daraja la karibu lilikuwa Kongolo, mbali kusini. Kwa hiyo mzigo wa mtu wa Kasongo ulishukia stesheni ya Samba, na hapo ulikuwa umefika na haujafika, kwa maana kati yake na nyumbani kulikuwa na mto.

Tulikwenda kuzipokea. Samba tulilala kwenye baraza la stesheni pamoja na akina mama wenye vikapu vya samaki wakavu na walimu waliokuwa wakisubiri mishahara. Treni iliingia usiku. Pikipiki zilikuwa ndani ya makasha ya mbao, magurudumu yamefunguliwa, usukani umelazwa. Niliziunganisha kwa mwanga wa taa ya mafuta, na kulipokucha zote nne ziliwaka. Patroni alikataa kuwauzia watu wa Samba zile mbao za makasha, ingawa walizitaka kwa kuni na kwa milango. Zikafungwa juu ya baiskeli zetu, na wenye pikipiki wakatangulia wakiyumba, kwa sababu wawili kati yao walikuwa wakiendesha kwa mara ya kwanza.

Pale kivukoni Lualaba ni pana kiasi kwamba mtu aliyesimama ng'ambo unamwona, ila huwezi kusema ni mwanamume au mwanamke. Mvua zilikuwa zimekwisha karibuni, maji yamejaa, mekundu, yakiteremsha magogo na visiwa vya majani. Baki ya kuvushia magari ilikuwapo, imefungwa ufukoni kwa waya, nyasi zimeota kwenye sitaha yake. Tukaambiwa injini inasubiri kipuri. Aliyetuambia alikuwa akikaanga mihogo kando ya baki hiyo hiyo, na kwa jinsi alivyojenga jiko lake la udongo, hakuitegemea iondoke.

Waliobaki ni Wagenya, watu wa mto. Mkubwa wao alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kushona na jicho moja lenye ukungu. Alizizunguka pikipiki bila kuzigusa, kisha akaniuliza mimi, si wenye mali, uzito wake. Nikamwambia ukitoa esansi, yaani petroli, kila moja ni kama watu wawili wembamba.

"Mtu hujishika," akasema. "Hii haijishiki."

Ndipo yakaanza mapatano, yakala asubuhi yote. Alitaka fedha kwa kila pikipiki, na juu ya fedha chumvi na sabuni, na chakula cha wapiga makasia. Patroni akaruka.

"Mzee, treni imezileta tangu Lubumbashi. Wewe unataka karibu nusu ya bei ya treni kwa mto mmoja?"

"Basi iite treni ikuvushe."

Watu wote ufukoni walicheka, hata wenye pikipiki wenzake. Patroni alikaa juu ya gunia akavuta sigara mbili bila kusema neno. Kisha akalipa.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisomesha watoto wangu, nilikuta katika kitabu cha historia kwamba hatukuwa wa kwanza kukalishwa kwenye kingo za mto huo. Msafiri wa Kizungu Livingstone alifika Nyangwe, chini kidogo ya Kasongo, mwishoni mwa Machi 1871. Akakaa hadi Julai akitafuta mitumbwi ya kumvusha, asiipate. Msafiri mwingine, Cameron, akaja mwaka 1874, naye akanyimwa mitumbwi. Stanley mwaka 1876 alipita kwetu Kabambare, akafuata bonde la Luama hadi Lualaba. Huyo alikuja na mashua yake mwenyewe, Lady Alice, iliyofunguliwa vipande na kubebwa na wapagazi. Hata hivyo msafara wake ulikuwa mkubwa kuliko mashua, na mitumbwi ya Wagenya ikahitajika. Vitabu vya namna hiyo huandika habari hizo kama ukaidi wa wenyeji. Mimi nikikumbuka yule mzee, naona jambo jingine. Wakati ule waliotaka kuvuka walikuwa na bunduki na minyororo, na mwezi huo huo wa Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe na watu wa wafanyabiashara wa watumwa. Kwa Mgenya, maji ndiyo yaliyokuwa ukuta wake, na mtumbwi ndio ufunguo. Nani humpa mgeni ufunguo wa nyumba bila kumtazama vizuri?

Baada ya kulipwa, mzee hakupoteza dakika. Alichagua mitumbwi miwili iliyolingana urefu, akaiweka sambamba ikiachana kama hatua moja. Vijana wakalaza mianzi juu yake kukingama na kuifunga kwa kamba za msituni zilizolowekwa. Juu ya mianzi walipanga mbao za makasha yetu, zile zile alizokataa kuuza Patroni. Misumari iliyotokeza mzee aliipiga kwa jiwe mmoja mmoja, akipitisha kiganja kila baada ya ubao, kwa sababu wapiga makasia husimama miguu mitupu.

Kazi yangu ilikuwa kuzitayarisha mashine. Nilimwaga esansi yote kwenye bido, yaani dumu, nikafunga bomba la moshi kwa matambara na utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikafunika mdomo wa hewa wa karibureta vivyo hivyo, nikaacha gia imeingia ili gurudumu la nyuma lisizunguke. Pikipiki ya kwanza ikapandishwa kwa kusukumwa na watu wanne, ikalazwa ubavu juu ya majani ya migomba. Nilitaka kuifunga kwenye mianzi. Mzee akanizuia mkono.

"Ikitaka kwenda, iende peke yake. Ukiifunga hapa itatuvuta sote."

Badala yake alifunga kamba ndefu kwenye shingo ya usukani, na mwisho wa kamba akafunga bido tupu lililozibwa. Kama pikipiki ingezama, bido lingeelea juu yake na kuonyesha ilipolala. Nimekuwa fundi maisha yangu yote, na sijaona bima rahisi kuliko hiyo.

Hawakukata mto moja kwa moja. Kwanza walipanda, wakisukuma kwa upondo kandokando ya ukingo ambako maji ni mapole, hadi watu wa kivukoni wakawa wadogo nyuma yetu. Hapo ndipo walipogeuza pua na kuingia mkondoni, wakipiga makasia kwa wimbo, na mkondo ukatuteremsha mshazari kuelekea bandari ya ng'ambo. Katikati mzee alipaza sauti, makasia yote yakasimama. Sikuelewa kwa nini mpaka gogo zima la mti, mizizi juu, lilipopita mbele yetu bila mlio. Akapaza sauti tena, wakaendelea pale walipoachia wimbo.

Safari ya pili ikaenda vizuri. Ya tatu ilikuwa ya pikipiki ya rafiki yake Patroni, mtu mnene mwenye miwani ya jua, ambaye hakukubali mali yake ilazwe. Aliisimamisha, akaipanda, akashika usukani na kukaza miguu pande zote mbili, tayari kuvushwa akiwa juu yake. Mzee alikaa chini, akaweka kasia mapajani. Wapiga makasia nao wakakaa.

"Twende basi!" yule bwana akasema.

"Shuka, Papa. Hapa juu ya maji na wewe ni mzigo. Mzigo hulala."

Jua lilikuwa kali. Akina mama waliokuwa wakifua waliacha kufua ili watazame. Yule bwana alikaa juu ya pikipiki yake kwa muda ambao kila mtu aliuona ni mrefu, kisha akashuka, akaketi kwenye mbao, akafunga mikono yake kuzunguka magoti. Pikipiki ikalazwa. Mitumbwi ikaondoka. Ng'ambo alishuka bila kumtazama mtu, lakini nilimwona akimwongezea mzee pakiti ya sigara.

Jioni zote nne zilikuwa upande wa Kasongo. Ila kuvuka hakukwishia majini. Ukingo wa upande huo ulikuwa mwinuko wa tope, na vijana wa pale ndio waliokuwa wakijua pa kukanyaga, kwa hiyo walilipwa kusukuma. Juu ya mwinuko kulikuwa na mti uliolazwa barabarani na watu wawili wenye bunduki waliotaka kuona karatasi, na karatasi zilipoonekana wakataka kitu cha kununulia maji. Sehemu ya esansi ilikuwa imemwagika katika kuhamishwa, ikabidi kununua nyingine Kasongo, kwa chupa. Tukalala pale usiku mmoja zaidi, watu wote na njaa zao.

Tulipofika Salamabila, Patroni alifungua daftari lake na kuniita nimshikie taa. Alikuwa akiandika hesabu kwa gramu za dhahabu, kwa sababu fedha yetu, zaire, ilishuka thamani kila msimu. Aliandika bei ya Lubumbashi, nauli ya treni, kisha akaandika mstari mmoja, "mto", na chini yake akaorodhesha mitumbwi, wasukumaji, watu wa bunduki, usiku wa ziada, esansi. Kipande kifupi kuliko vyote vya safari ndicho kilichokula zaidi kwa kila hatua. Hakulalamika. Alihamisha tu hesabu hiyo kwenye ukurasa wa chumvi, na kuanzia wiki ile kikombe cha chumvi kambini Kakula kilibeba sehemu yake ya Lualaba. Mchimbaji aliyekinunua hakuwahi kuuona mto huo, lakini aliulipia.

Nimeona mengi tangu hapo. Mwaka 1997 Mobutu akaondoka, na vita vya 1998 hadi 2003 vikanyamazisha reli, watu wakasukuma baiskeli zenye chumvi na mafuta ya mawese kwa majuma mazima. Sasa pikipiki zimejaa Salamabila, na mizigo yetu mingi hutoka upande wa Tanganyika kwa njia ya Lulimba. Lualaba haiko njia hiyo, lakini vizuizi viko, na matope, na daftari la mfanyabiashara lina mstari ule ule kwa jina jingine.

Vijana huniuliza inakuwaje mji uliokaa juu ya dhahabu ununue chumvi na saruji kwa bei ya kutisha. Huwaambia waangalie uzito. Patroni alipokwenda kuuza, dhahabu ya miezi mitatu ilivuka Lualaba ndani ya kitambaa alichofunga kiunoni, na hakuna mpiga kasia aliyejua. Miaka ya 2010, kampuni kubwa ilipokuja na mashine zake, Namoya palikuwa na uwanja wa ndege. Dhahabu haijawahi kuhitaji daraja, na waliokuwa na uwezo wa kujenga daraja walikuja kwa ajili ya dhahabu. Aliyehitaji daraja ni mwenye gunia la chumvi, na huyo hakuwa na wa kumjengea. Ndiyo maana mpaka leo, ukitaka kujua bei ya kitu Salamabila, usiulize kimetengenezwa wapi. Uliza kimevukia wapi.