Kanuni Ndani ya Gemu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Ile studio ya magemu wamejibu! Wanaitaka kanuni. Si kinanda cha kuigiza kanuni, si sauti za kununua mtandaoni, ni hii ala yangu ya nyuzi, na ngozi yake ya zamani. Gemu la majahazi. Mchezaji anashuka na kaskazi, anarudi na kusi, na kila bandari ina muziki wake. Bandari ya Unguja nipige mimi.

Mama kauliza, "La kuuana hilo?" Nikamwambia la biashara, la karafuu na tende. Akasema basi na iwe kheri.

Kijana wa kaka yangu ndiye aliyeruka. "Shangazi, utaingia kwenye gemu!" Halafu akatulia, akasema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani: akicheza gemu muda mrefu, muziki wake humwimbia hata akiwa chuoni anahifadhi, mpaka auzuie. Redio ikimpigia mtu wimbo mara mbili kwa siku anahesabu bahati. Gemu linampigia uleule saa tatu mfululizo na yeye hana habari kwamba anasikiliza. Sijawahi kupata msikilizaji wa namna hiyo. Hata harusini watu huongea.

Sina usingizi.

Jumatatu, 4 Agosti

Baba Yetu. Nimeirudia mpaka simu imezima chaji.

Christopher Tin aliitungia Civilization IV mwaka 2005. Kwanza waliiimba vijana wa kundi la Talisman la Stanford, chuo alichosoma mwenyewe. Baadaye akairekodi upya na Soweto Gospel Choir kwa albamu yake ya 2009, na Februari 2011 ikachukua Grammy. Muziki wa kwanza uliotungiwa gemu kupata tuzo hiyo. Na maneno yake Kiswahili, sala ya Wakristo, neno kwa neno la kwetu. Leo kwaya za watu ambao hawajui hata "jambo" zinaimba "yetu" na "yako" kwa ufasaha, kwa sababu ya gemu tu.

Nimeona wivu. Lugha imefika, waimbaji wa pwani hawakuitwa. Nikazunguka chumbani na maneno hayo. Kisha nikatafuta nani aliyeyapanga maneno, nikakuta jina: Chris Kiagiri. Mkenya. Jina limeandikwa, linasomeka, halijafichwa kwenye "asili ya Kiafrika" wala upuuzi kama huo. Roho ikashuka kidogo.

Jina langu watalitia wapi? Niwaulize.

Jumanne, 5 Agosti

Nyumba kimya. Wanaume wote wameenda uwanjani Amaan, mashindano ya mpira ya CHAN yamefika Unguja. Senegal kampiga Nigeria moja, nimesikia kelele mpaka huku.

Mkataba umekuja. Kurasa kumi na moja. Nimeufunga. Kesho.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeusoma wote. Tena. Tena.

Malipo ni mara moja. Hilo nilitarajia, studio ndogo hiyo, hawana pesa za kugawa mrabaha. Kinachonikaba ni kifungu cha sita. Watamiliki nilichopiga "kwa matumizi yoyote, katika chombo chochote kilichopo au kitakachobuniwa, duniani kote, milele." Yoyote! Yaani leo gemu, kesho tangazo la sigara, keshokutwa wanakitia kwenye mashine ijifunze vidole vyangu, halafu mashine ndiyo inayoitwa kupiga kanuni na mimi nimekaa hapa napepea mkaa.

Si woga wa bure. Waigizaji wa sauti za magemu huko Marekani waligoma tangu Julai 2024 kwa jambo hilohilo, na ndio kwanza mwezi uliopita wamepitisha mkataba mpya wenye vifungu vya akili bandia. Mwaka mzima! Wale wana chama, wana mawakili. Mimi nina kaka na kalamu.

Na yule Martyn Ware wa kundi la Heaven 17. Septemba mwaka jana akasema hadharani wenye gemu wametaka wimbo wa kundi lake wa 1983, Temptation, kwa ajili ya gemu jipya la GTA. Dola 7,500 kwake, asidai tena chochote. Akakataa. Gemu lililotangulia la mfululizo huo limeuza nakala zaidi ya milioni 200. Nimesoma watu wakimcheka, wakisema angechukua, angepata kusikika na vijana. Kusikika! Mwanamuziki kila siku analipwa kusikika. Kusikika hakununui nyuzi, na nyuzi za kanuni ni sabini na kitu.

Lakini yeye ana wimbo unaojulikana, anaweza kukataa akalala. Mimi nikikataa?

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala kaka amekuja na halua. Kaniambia, "Mdogo wangu, tia saini. Siti binti Saad alipanda meli mpaka Bombay 1928 kwenda kutia sauti kwenye sahani. Angekaa nyumbani anabishana vifungu, leo nani angemjua?"

Hoja nzuri, imenichoma. Nimemjibu: sahani ya Siti ilikuwa sahani. Aliyeinunua alimpata Siti, na jina lake juu ya karatasi ya katikati. Haikuwezekana mtu kuichukua sauti yake akaimba nayo nyimbo asizoziimba. Kaka akanyamaza, akala halua yake mwenyewe.

Jioni jaribio la kupiga pamoja na mtunzi wao, yeye kwake Ulaya, mimi hapa sebuleni, kwa intaneti. Haikuwezekana. Sauti yake inanifikia imechelewa, yangu inamfikia imechelewa mara ya pili. Mimi namsubiri, yeye ananisubiri, wimbo unazidi kuburura miguu mpaka unakaa chini kabisa. Kijana wa kaka alikuwa mlangoni, akasema, "Hiyo ni pingi, shangazi." Ndiyo inayomuua kila usiku kwenye magemu. Anapiga risasi yeye kwanza, kwenye kioo chake adui kaanguka, lakini seva iko mbali na huko imeandikwa kwamba yeye ndiye aliyekufa. Nilikuwa nadhani anajitetea. Kumbe kweli. Mwanga ndani ya nyuzi za baharini unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na bado kufika Ulaya na kurudi kunakula sehemu ya kumi ya sekunde, au zaidi. Mchezaji wa huko hupigana na mtu aliyekaa naye mtaa mmoja. Wetu anapigana na adui na bahari. Na mwaka jana mwezi wa Mei, nyaya zilipokatika huko kusini, hata huo ucheleweshaji tuliutamani.

Wapigaji wawili hawawezi kubeba hata nusu ya hapo. Vidole haviwezi kusamehe kama jicho linavyosamehe. Tumekubaliana nirekodi peke yangu, kwa matabaka.

Jumamosi, 9 Agosti

Matabaka nayapenda! Wanataka wimbo mmoja uliokatwa mapande yanayolingana: kanuni peke yake jahazi likiwa mbali, likikaribia, iingie fidla, likitia nanga, iingie ngoma. Mchezaji akiondoka katikati ya beti, ngoma inatoka bila kishindo. Muziki usiojua utaishia wapi. Ila sisi tunaujua huu. Kidumbak kinafanya nini usiku wa harusi? Kinamtazama mchezaji. Akipandisha kiuno, ngoma inapanda.

Kijana kanionyesha Space Invaders, la mwaka 1978. Noti nne tu, nzito, zinajirudia, na kadiri maadui wanavyoshuka zinakwenda mbio. Noti nne! Nimeshikwa na jasho la viganja, mimi mtu mzima.

Kisha Tetris, ule muziki wa Game Boy. Kumbe ni wimbo wa kale wa Warusi, wimbo wa mchuuzi, Korobeiniki. Dunia nzima wanauita wimbo wa Tetris. Nimekaa nalo hilo. Wimbo umeishi, wenyewe wamefutika.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikuwa nimeshaandika jibu: leseni ya miaka kumi, basi. Miaka kumi ikiisha, mje tuzungumze.

Nikamsomea kijana. Hakufurahi. "Shangazi, basi baada ya miaka kumi watakutoa." Akanisimulia GTA IV. Lilitoka 2008, na 2018 leseni za nyimbo zikafika mwisho. Sasisho likaja, nyimbo chungu nzima zikaondolewa kwenye redio za mle ndani, ile stesheni ya Kirusi ndiyo iliyochakazwa zaidi. Watu waliolinunua kwa pesa zao wakawasha gari, redio siyo ile. Wengine walikuwa wameikulia.

Akaendelea, sasa kapamba moto. The Crew, gemu la magari, kampuni ikazima seva Machi 2024 na gemu likafa lote, hata kwa anayetaka kuendesha peke yake bila kucheza na mtu. Wachezaji wa Ulaya wakaanza kukusanya saini kudai magemu yasiuawe. Mwezi uliopita zimevuka milioni moja. Yeye hakutia saini kwa sababu yeye si raia wa huko, na hilo linamuuma kuliko pingi.

Nikamtazama mtoto huyu wa miaka kumi na sita anavyotetea kitu alichokinunua. Ana haki. Na mimi nina haki. Sisi wawili tunagombanishwa na mwandishi wa mikataba ambaye hachezi wala hapigi.

Saa tano usiku.

Nimepata. Nimepata!

Kwa nini nihesabu miaka? Muda sio unaoniumiza. Linaloniumiza ni lile neno "yoyote." Basi: ndani ya gemu hili, milele. Muziki usiondolewe kamwe, hata nikifa, hata wakiliuza gemu, hata likihamia kwenye vyombo ambavyo havijazaliwa. Aliyelinunua aukute muziki wake palepale bandarini. Lakini nje ya gemu hili hapana. Si tangazo, si gemu la pili, si albamu, si mashine ya kujifunza, mpaka waniulize na tuelewane bei. Na jina langu, na neno kanuni, na neno Unguja, viandikwe mahali mchezaji atakapoviona.

Nimeamsha watu kwa kucheka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetuma.

Jumanne, 12 Agosti

Hakuna jibu. Badala yake mtunzi kaandika, kwa upole mwingi, niepuke zile "sauti za katikati" ili kanuni iingiliane na piano yao. Robo sauti! Yaani nipige maqamu ya bayati bila sauti inayoifanya iwe bayati. Anaiita pia "rangi ya Kiarabu." Nimemwandikia kirefu. Nimemweleza kwamba kanuni ilikuja Unguja ikakuta ngoma, na tangu hapo haikuondoka peke yake. Kwamba vijipande vya shaba vya kupandishia sauti vimewekwa kwa kazi hiyohiyo. Kwamba kama piano haiwezi kuingia bandarini mwetu, ikae nangani.

Nimempelekea pia rekodi, dakika mbili, bayati kamili, kidumbak chini yake. Bora asikie.

Amaan Sudan kamfunga Nigeria nne bila. Kijana karudi amekauka sauti, kaingia moja kwa moja mtandaoni. Kafa mara nyingi, nimemsikia.

Alhamisi, 14 Agosti

Kimya. Bei ya mkaa imepanda. Mama kauliza kwa sauti ya chini kama "wale watu wa karafuu" wameshalipa. Nimesema bado. Hakuuliza zaidi, na hapo ndipo palipouma.

Nimefanya mazoezi hata hivyo. Tabaka la kwanza liko tayari vidoleni.

Sasa hivi mtunzi amejibu! Kafuta piano. Anasema ameisikiliza rekodi jikoni kwake na mkewe kauliza ni nini hicho. Bandari nzima itakuwa ya kwetu, robo sauti na vyote. Lakini mkataba si wake, ni wa wenye studio.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamekubali.

Si yote. "Ndani ya gemu hili, milele" wameikubali mara moja, naona hata wao imewapunguzia kesi ya siku za mbele. Mashine kujifunza: imefutwa, na imeandikwa waziwazi kwamba hairuhusiwi. Matangazo ya gemu lenyewe wameomba yaruhusiwe, yawe sehemu ya malipo haya. Hapo nimekubali, kwa sharti kanuni isisikike ikiuza kitu kingine. Jina litakuwa mwishoni pamoja na majina yote, na pia kwenye ubao wa bandarini mchezaji akishuka. Mrabaha hapana. Wameongeza kidogo juu ya malipo ya mwanzo, si nyingi, nyuzi na mkaa na ada ya kijana.

Kaka kasoma kurasa zote kumi na mbili, moja imezidi kwa ajili yangu. Kasema, "Umewapa kazi." Akatia saini ya shahidi.

Narekodi Jumatatu usiku, mtaa ukilala na pampu ya jirani ikizimwa. Sikuuliza watauza nakala ngapi. Gemu lao la pili nitauliza kwanza, na bei itakuwa nyingine.