Moto wa 404

Kule Ngamiani, Tanga, barabara zinaitwa kwa namba, na kwenye mojawapo palikuwa na gereji isiyo na kibao wala ukuta. Paa lake lilikuwa mkungu mkubwa uliotupa kivuli hadi katikati ya njia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Toyota za mtumba zilipoanza kuujaza mji, magari ambayo mafundi wengine walishayakatia tamaa yaliishia pale: Peugeot 403 na 404, Land Rover zilizochakaa kwenye mashamba ya mkonge, Morris Minor za walimu wastaafu. Nilikuwa nasoma sekondari. Kila likizo mjomba alinipeleka kwa fundi nikashike spana badala ya kuzurura ufukweni, na ninamshukuru hadi leo.

Gari la mjomba lilikuwa 404, stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, ambalo lilipandisha watu wa harusi na misiba hadi Lushoto na kushuka na kabichi na karoti. Wazee wa gereji walilipenda gari hilo kwa sababu nyingine pia. Walikuwa vijana mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliposhinda Safari Rally mara mbili mfululizo kwa 404. Mtu akifungua boneti, hawakukosa kukumbusha jinsi Wafaransa walivyoilaza ile injini ya sentimita za ujazo 1,618 kwa nyuzi 45.

Kisha zikaja mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998. Unyevu wa pwani unautesa moto wa gari hata jua likiwaka. Mvua zile zilikuwa balaa tupu. Asubuhi mjomba anapiga stata mpaka betri inalia. Ikiwaka, inamisi. Akifika Muheza inakohoa, akifika Segera inarudisha moto kwenye ekzosi na abiria wanatazamana. Plagi za 404 zimezama kwenye visima virefu kichwani mwa injini, na maji yakituama humo moto unapotea njiani. Kwa hiyo fundi alianza na visima: akavikausha, akaweka raba mpya. Injini ikaendelea kumisi. Hapo akafungua kifuniko cha distributa.

Chini ya rota mna vipande viwili vya chuma, ncha zake kama punje ya mtama. Hizo ndizo pointi. Zikigusana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Zikiachana ghafla, koili inafyatua maelfu ya volti na plagi inatoa cheche. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 100 kwa sekunde. Mpango huo aliubuni Mmarekani Charles Kettering, na Cadillac zikaanza kuutumia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kazi ngumu mno kwa vipande vidogo namna ile. Ncha moja huchimbika, nyingine huota kichuguu. Kisigino cha faiba kinachopanda juu ya kamu hulika taratibu, nafasi inapungua, na moto unaanza kuchelewa bila dereva kujua. Yeye anaona tu gari limekuwa zito mlimani na linakunywa petroli.

Fundi alizisugua kwa msasa laini, akapangusa kwa kitambaa kikavu, akapima nafasi kwa fila: milimita 0.4. Akisha kukaza skrubu alipima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza. Kazi hiyo aliifanya bila haraka hata mwenye gari akisimama nyuma yake akitikisa funguo. Tatizo halikuwa mkono wake. Pointi na kondensa zilizokuwa zikipatikana madukani miaka ile zilikuwa hafifu, chuma chepesi, faiba laini. Kondensa mpya ilikufa kabla ya ile ya zamani aliyoichomoa kwenye gari bovu. Na kondensa ikifa, cheche inaruka kwenye pointi zenyewe badala ya plagi, zinaungua mpaka zinakuwa nyeusi. Mjomba akawa anarudi gerejini mara kwa mara kwa ugonjwa uleule, na kila mara fundi alikataa kupokea hela ya ufundi.

Dawa ilitoka Muscat. Binamu yetu aliyekuwa akifanya kazi huko alisikia habari za gari, akatuma kiboksi kidogo kwa mtu aliyekuwa anarudi Tanga. Ndani mlikuwa na kisahani cheusi chenye waya mbili, nyekundu na nyeusi, pete ya plastiki iliyoficha sumaku nne, na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Fundi alikipindua mkononi kwa muda mrefu. "Pointi ziko wapi?" akauliza. Nikamwambia hazimo. Akaniambia, "Basi soma, mwanangu. Soma polepole."

Nikasoma, nikiwa nimekaa juu ya tairi, nikatafsiri nilivyoweza. Mwaka 1879 Edwin Hall aligundua kwamba umeme unaopita kwenye metali husukumwa upande unapokutana na nguvu ya sumaku. Kisahani kile kilifanya kazi kwa kanuni hiyo. Pete inavalishwa kwenye kamu palepale chini ya rota, sumaku zinapita mbele ya kisahani, na kila moja ikipita kisahani kinakata umeme wa koili. Hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika. Fundi alielewa kabla sijamaliza.

Alileta injini kwenye alama yake, akachora mstari wa chaki kwenye distributa pale rota ilipokuwa inaelekea. Akatoa pointi na kondensa. Akapima koili kwa mita, kwa sababu karatasi ilitaka isipungue omu tatu, ikapita. Akasugua sahani ya ndani mpaka ikang'aa, akabadilisha kiwaya cha ethi kilichokuwa kimekatika nyuzi nusu. Kiwaya hicho sikukifikiria kabisa, wala karatasi haikukitaja. Waya nyekundu akaipeleka chanya ya koili, nyeusi hasi. Kabla ya kurudisha kifuniko alitoa pia vizito vya distributa, vile vinavyotanuka injini ikienda kasi ili moto utangulie. Vilikuwa vimeganda kwa grisi kuukuu. Akaviosha kwa petroli, akavitia oili. "Hiki kisahani kinakata tu," akasema. "Wakati wa kukata hakiujui. Wakati ni wetu."

Nimekutana na watu wengi baadaye wanaodhani ukifunga moto wa elektroniki umemaliza kila kitu. Kifaa kile kinachukua nafasi ya swichi, basi. Taimingi ikiwa mbovu, itakuwa mbovu vilevile, tena bila kubadilika. Ndiyo maana fundi alitumia taa ya majaribio kwanza, kisha akampakia mjomba mbele na mimi nyuma, tukatoka njia ya Muheza. Kwenye kilima alitaka gia ya nne, mwendo mdogo, halafu mafuta yote. Injini ikagonga ndani, mlio wa kokoto. Tukasimama, akazungusha distributa kiasi cha upana wa ukucha, tukapanda tena. Safari hii ikavuta kimya.

Mvua zilikuwa bado hazijaisha tulipopanda Lushoto kutoka Mombo, zile kona zinazofuata bonde huku maji yakishuka ukutani. Injini haikukosa hata pigo moja. Kitu kimoja tu kilibaki: mjomba alizoea kuacha swichi imewashwa stendi ili asikilize mpira Radio Tanzania, na karatasi ilionya kwamba injini ikiwa imezimwa huku swichi iko wazi, kifaa kinaweza kuungua. Fundi akaivutia redio waya wake moja kwa moja kutoka betri, na mjomba hakupitwa na mechi.

Walikuwapo waliolalamika kwamba gari limeharibiwa asili yake. Siwaelewi. Ukifunga kifuniko cha distributa hakuna kinachoonekana zaidi ya waya moja ya ziada, na pointi za zamani ziliwekwa kwenye kikopo chini ya kiti pamoja na kondensa iliyo nzima, tayari kurudishwa barabarani kwa dakika chache. 404 ilitengenezwa ibebe watu na mizigo. Ikikaa uani kwa kukosa kondensa ya maana, hapo ndipo inapoharibika.

Habari zikaenea, na mwalimu mmoja mstaafu akaleta Morris Minor yake akitaka afungiwe kama ya mjomba. Binamu alikuwa ametuma kiboksi cha pili. Fundi alifungua boneti, akafuata waya wa betri kwa kidole mpaka unapoingia bodi. Ulikuwa wa chanya. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yaliungwa hivyo, kinyume na Peugeot, na kifaa kilichotengenezwa kwa hasi kingeungua swichi ikifunguliwa tu. Akamrudishia mwalimu funguo kwa mikono miwili, akamwomba radhi, kisha akanigeukia: "Mwandikie binamu yako. Mwambie tunataka cha ethi chanya, na umtajie namba iliyoko kwenye distributa. Njoo uisome."