Siku tatu bila mzigo mgongoni



Wengi mmeniuliza sokoni na kanisani: ni kweli sisi wamama saba wa MUSO tulitumia akiba yetu kwenda kutembea tu porini? Ni kweli. Nimeombwa na wenzangu niandike, ili habari isifike kwenu ikiwa imepindishwa.

Ilikuwa likizo kubwa ya mwaka 2024, mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Kwa miezi kumi kila mmoja wetu alikuwa anaweka kidogo kila juma, pembeni ya akiba ya kawaida. Wengine walitucheka: «Mama wa Bushi anatembea kila siku, atalipaje pesa ili atembee tena?» Swali hilo nililibeba njia nzima.

Siku ya kwanza tulipanda mlima Kahuzi. Kutoka Bukavu mpaka Tshivanga, kwenye makao ya Parki ya Kahuzi-Biega, ni karibu kilometa 30. Hapo tulipewa kiongozi, walinzi wenye silaha, na mzee mmoja Mutwa wa kufungua njia. Kahuzi ina mita 3,308, na ndugu yake Biega ina mita 2,790. Majina ya milima hiyo miwili ndiyo yaliyotoa jina la parki.

Mwanzo ni miti mikubwa na matope, hata wakati wa kiangazi. Baadaye mianzi inakuja, mingi sana, inafunga jua kabisa. Kisha miti inakuwa mifupi, imevaa kuvu kama ndevu za mzee, na baridi inaingia katika mifupa. Tulitembea polepole. Mama mmoja wa miaka zaidi ya 50 alikuwa anapeleka mkono kwenye paji la uso kila mara. Nilimwuliza kama kichwa kinamuuma. Akacheka: «Natafuta kamba, mwalimu. Sijawahi kupanda mlima bila kamba ya mzigo kichwani.» Tulisimama wote. Kila mmoja alianza kuhesabu, na hakuna aliyekumbuka siku aliyotembea mbali bila muhogo, kuni, bidoni ya maji au mtoto mgongoni. Hapo nilipata jibu kwa wale waliotucheka. Tunatembea kila siku, lakini macho yetu yanaangalia chini.

Kule juu ukungu ulifunguka kidogo, tukaona ziwa Kivu likimeta mbali. Mama mmoja alilia. Hatukumwuliza sababu.

Siku ya pili tulibaki ndani ya msitu. Gorila hatukuwaona. Bei yao ilizidi mfuko wetu, tena mmoja wetu alikuwa na mafua, na mtu mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, maana wanaambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi. Lakini kiongozi alituonyesha vitanda vyao vya zamani, majani yaliyokunjwa kwa mkono. Gorila hutandika kitanda kipya kila jioni, na mama hulala na mtoto wake kitanda kimoja. Anabeba mimba karibu miezi minane na nusu, na kwa kawaida anazaa mtoto mmoja tu, kisha miaka kama minne inapita kabla ya kuzaa tena. Aina hii ya gorila haipatikani porini katika nchi nyingine yoyote, ila Kongo yetu tu. Kwa ajili yao parki iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1980 UNESCO ikaiandika kati ya mali ya dunia nzima. Tangu mwaka 1997 iko pia kwenye orodha ya mali iliyo hatarini, kwa sababu ya vita.

Wakati wa kupumzika yule mzee Mutwa alitusimulia. Alisema: «Kaburi la nyanya yangu liko katika pori hili. Leo ninaingia kwa sababu nimeandikwa kazi. Nisingeandikwa, ningeitwa mwizi.» Baba yake alitolewa humo miaka ya 1970 na Batwa wengine wengi, bila shamba la kwenda. Mwaka huo huo tulipotembea, uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa, kwamba nchi yetu iliwavunjia Batwa hao haki zao. Sisi Bashi tumezoea kuwasema vibaya majirani hao. Siku ile tulinyamaza. Tuligawana naye mkate na chai, na yeye alitufundisha majani ya kutuliza tumbo la mtoto. Sitayaandika hapa, maana kuchuma ndani ya parki ni marufuku, na elimu ni yake.

Siku ya tatu tulishuka kwa miguu, tukapita mashamba ya chai, mpaka Lwiro. Pale wanatunzwa sokwe na nyani yatima. Mwindaji hawezi kumchukua mtoto wa sokwe kabla ya kumwua mama yake, kwa kuwa mama hamwachi. Tuliona mwanamke amekaa na mmoja mdogo kifuani, anamnyonyesha kwa chupa, na yule mdogo ameshika nguo yake kwa vidole vyote. Sina la kuongeza hapo. Ninyi ni wamama.

Jioni tulifika ukingoni mwa ziwa upande wa Katana. Tulivua viatu, tukaingiza miguu katika maji, tukala bugali na sambaza za moto. Wengi hawajui kwamba sambaza si wenyeji wa ziwa letu: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa niseme jambo lililotuumiza. Tulipokuwa tunashuka tulikutana na wanawake wamebeba makala, wameinama, wanakimbia kwa hofu ya walinzi. Mmoja wetu alishusha macho. Baadaye alituambia kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo, mwaka ambao watoto wake walifukuzwa shuleni kwa kukosa pesa. Hatukumhukumu, maana makala yale nani anayanunua? Ni sisi, mjini na kijijini, kila tunapowasha mbabula kupika maharagi saa nne nzima. Msitu ule unatuletea mvua, nasi tunauchoma chini ya sufuria.

Tuliporudi tulikaa kikao cha MUSO. Tulikubali mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama apate mbabula ya udongo isiyokula makala mengi, kwa mkopo wa kulipa polepole. Pili, kuloweka maharagi usiku ili yaive haraka. Tatu, kila mmoja apande miti kumi ya grevilea kwenye mipaka ya shamba lake, ili binti zetu wapate kuni karibu na nyumba. Miti mingine imekufa, mbuzi wamekula mingine. Mingi inaendelea.

Mwezi wa pili 2025 vita ilifika Bukavu, na njia ile si ya kujiendea tu. Mwenye hamu aulize kwanza habari za usalama, asiende bila kiongozi wa parki. Lakini kutembea bila mzigo hakuhitaji Kahuzi. Jumapili moja kwa mwezi, baada ya misa, sisi saba tunapanda kilima cha jirani, mikono mitupu. Watoto wanabaki na baba zao. Mwanzo baba hao walinung'unika, sasa wamezoea.

Anayependa atukute mbele ya kanisa. Asilete kitu, isipokuwa maji ya kunywa.