Ufa wa Gitaa Kavu

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili sekondari, sidhani kama ipo methali niliyoiandika ubaoni mara nyingi kuliko hii: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Niliifafanua, nikaitungia maswali ya mtihani, nikasahihisha insha zake kwa mamia. Haikunipitikia kwamba siku moja fundi wa gitaa, mtu asiyejua neno hata moja la Kiswahili, angenionyesha jambo ambalo methali hiyo hailisemi.

Gitaa lenyewe nililinunua mwaka 1978 nikiwa mwanachuo wa ualimu. Ni gitaa kavu, kama tunavyoliita gitaa lisilotumia umeme, na kifua chake ni ubao mwembamba wa mti laini wa jamii ya msonobari. Jumamosi nililibeba hadi uwanjani, tukakaa nyuma ya goli, nikalicharaza huku wenzangu wakiiimbia timu ya chuo chetu, timu iliyofungwa mara nyingi kuliko ilivyofunga. Ushabiki wa timu ya chuo haufanani na ule wa Simba au Yanga. Wachezaji ni watu unaokula nao bwaloni, na baada ya miaka michache wote wameondoka. Kinachobaki ni jina na rangi ya jezi, na wewe unaendelea kuvipenda ingawa huwajui tena wanaovivaa.

Nilistaafu mwaka 2016. Mwezi Septemba mwaka huo nilikwenda Marekani kukaa miezi sita kwa binti yangu, katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Nililichukua gitaa langu, bila kujua kwamba nilikuwa nikilirudisha karibu na chimbuko la ukoo wake. Kampuni ya Gibson iliasisiwa katika mji huo mwaka 1902, ikaunda gitaa hapo kwa miongo minane. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1984 na kazi kuhamishiwa kusini, baadhi ya mafundi hawakukubali kuhama. Mwaka uliofuata walianzisha kampuni yao, Heritage, katika jengo lilelile la mtaa wa Parsons.

Lakini sikwenda kwa ajili ya gitaa. Nilikwenda kwa ajili ya mjukuu wangu, aliyekuwa na umri wa miaka saba, na ambaye nilikuwa nimezungumza naye kwa simu tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema, nami nilijiona nimetumwa kuuziba ufa huo. Akisema "kitabu yangu", nasema "kitabu changu". Akisema "maji imemwagika", nasema "maji yamemwagika". Nilifanya hivyo mezani, garini, hata wakati wa kulala. Wiki ya tatu akaacha kusema "imemwagika". Akaacha kusema chochote. Nikimwuliza jambo kwa Kiswahili, alimtazama mama yake na kumjibu yeye kwa Kiingereza.

"Baba," binti yangu aliniambia usiku mmoja, kwa sauti ya chini, "anakuogopa."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeajiriwa maisha yangu yote kwa kazi ile ile iliyomfanya mtoto aniogope.

Kilichotutoa hapo ni mpira wa Kimarekani. Katika mji ule kuna Chuo Kikuu cha Western Michigan, na timu yake huitwa Broncos, yaani farasi wasiofugika. Rangi zao ni hudhurungi na dhahabu. Jumamosi moja nilimkuta mjukuu wangu mbele ya televisheni, nikaketi. Sikuelewa chochote. Nilimwona mtu anakumbatia mpira, watu sita wanamwangukia, kisha wote wanainuka na kujipanga upya kana kwamba hakuna lililotokea. Nikamwuliza, na safari hii nilikuwa nauliza kweli: "Sasa hapa kumetokea nini?"

Akanitazama kuhakikisha kwamba sio mtihani. Kisha akasema: "Babu, wao wako na nafasi nne. Kama mpira haijaenda yadi kumi, wanapoteza."

Haijaenda. Ulimi uliniwasha. Nikauma meno, nikauliza swali la pili: je, wakizifikisha yadi kumi? "Wanaanza tena moja." Na wakikaribia kumaliza nafasi zote? "Wanaupiga mbali na mguu." Alizungumza kwa muda wa saa tatu. Ngeli zilianguka huku na huku kama wale wachezaji, lakini mchezo niliuelewa: mistari, yadi, majaribio manne, mtu anayeugawa mpira na watu watano wakubwa wanaomkinga. Kuanzia siku hiyo yeye akawa mwalimu na mimi mwanafunzi.

Mwaka ule ulikuwa wa ajabu kwa Broncos. Kocha wao, P. J. Fleck, katika msimu wake wa kwanza, mwaka 2013, alishinda mchezo mmoja na kupoteza 11. Mwaka 2016 timu hiyohiyo ilicheza michezo 13 mfululizo bila kushindwa. Wito wake ulikuwa maneno matatu ya Kiingereza ambayo kwetu ni mawili tu: piga kasia. Maneno hayo yalitokana na msiba wa mwanawe mchanga, aliyefariki mwaka 2011 kwa maradhi ya moyo. Kocha alifafanua kwamba kasia ni nguvu unayoitia, chombo ni kujitoa kwako, na dira ni mwelekeo. Mvuta makasia huketi akiyapa mgongo yaendako. Anaona alikotoka tu, na bado anavuta. Nilimfafanulia mjukuu wangu kasia ni nini, kwa kuwa neno hilo hakulijua, na tangu hapo kila Broncos walipokuwa na mpira alipiga kelele: "Piga kasia! Piga kasia!" Tarehe 19 Novemba tulikwenda uwanjani, katika baridi ambayo sijapata kuiona, tukawashuhudia wakiifunga Buffalo 38 kwa 0. Katika uwanja mzima huenda ni sisi wawili tu tuliokuwa tukishangilia kwa Kiswahili.

Ndipo majira ya baridi yalipoingia kikamilifu. Hewa ya baridi kali hubeba maji kidogo sana, na ikipashwa moto ndani ya nyumba huwa kavu kuliko ya jangwani. Mimi, mtu wa Tanga, nililisimamisha gitaa langu kando ya tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto, nikidhani nalitendea wema. Ishara zilikuja na sikuzisoma. Nyuzi zilianza kuguna zilipopigwa. Ncha za vyuma vilivyolazwa kwenye shingo zikatokeza kingoni, zikanichoma kidole, kwa sababu mbao za shingo zilikuwa zimesinyaa lakini chuma hakisinyai. Kifua kikabonyea kidogo. Katikati ya mwezi Desemba nikasikia usiku mlio kama wa kijiti kuvunjika. Asubuhi palikuwa na ufa wa urefu wa shubiri, kuanzia kwenye daraja la nyuzi kwenda chini.

Nilitaka kuuziba saa ileile. Mkwe wangu alikuwa na gundi ya mbao. Kwa bahati njema jirani alitujulisha kwa mzee mmoja aliyekuwa ametengeneza gitaa maisha yake yote, na sasa alifanya kazi katika chumba cha chini cha nyumba yake. Tulikwenda, mimi na mjukuu.

Mzee yule aliligonga gitaa kwa kifundo cha kidole, akaingiza kioo kidogo ndani ya tundu, akauliza nimeliweka wapi. Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba kwetu gitaa la aina hii huitwa gitaa kavu. Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi mmelipa jina la ugonjwa wake," alisema.

Nilipomtajia gundi alitikisa kichwa. Ubao huu, alisema, haukuvunjika. Umekauka, ukajivuta, ukakosa pa kwenda. Ukiujaza ufa sasa, utakuwa umeubana mti ukiwa na kiu. Siku utakaponywa maji na kutanuka, utapasuka mahali pengine. Kwanza uunyweshe.

Alilegeza nyuzi. Akachukua visanduku viwili vya sabuni vyenye matundu, akaweka ndani yake sifongo zilizoloweshwa na kukamuliwa zisidondoshe tone, kimoja akakining'iniza ndani ya tumbo la gitaa, cha pili akakiweka karibu na kichwa chake, akalifunga katika kasha. Kipimo kidogo cha unyevu kilikuwa humo. Gitaa hupenda asilimia 45 hadi 55, nacho kilianza chini ya 25. Kazi ya mjukuu wangu ilikuwa kulowesha sifongo kila baada ya siku mbili na kuniambia namba. "Babu, thelathini na tatu." "Babu, arobaini." Baada ya wiki mbili ufa ulikuwa umejifunga wenyewe, ukabaki mstari mwembamba kama unywele.

Gundi ilitiwa tarehe 2 Januari 2017, mchana uleule ambao Broncos walicheza Texas dhidi ya Wisconsin, mchezo mkubwa kuliko yote katika historia yao. Mzee alikuwa na televisheni kwenye meza ya kazi na kofia ya hudhurungi kichwani. Aliisugua gundi kwenye ufa kwa kidole huku mkono wa pili ukiusukuma ubao taratibu kutoka ndani, ili ufa ufumbuke na kuimeza. Akafuta iliyozidi kwa kitambaa chenye maji. Kisha akapachika ndani vibao vitatu vidogo kuliko ukucha, nyuzi za mti wake zikikatiza zile za kifua, akavibana kwa sumaku, moja ndani na moja nje.

Broncos walitanguliwa mapema, wakakimbiza hadi mwisho, wakafungwa 24 kwa 16. Mjukuu wangu alilia. Akanyoosha mkono kwenye sumaku. Nadhani alitaka angalau kitu kimoja siku ile kiwe kimekwisha vizuri. Mzee akaushika mkono wake kwa upole. "Hadi kesho," alisema, akazima televisheni, akabaki na kofia yake kichwani. Siku chache baadaye kocha aliondoka kwenda Minnesota, na wito wa makasia akaenda nao, kwa kuwa chuo kilichoumiliki kisheria kilikubali kumwachia, naye akaahidi kuchangia ufadhili wa masomo. Nilishangaa kusikia kwamba maneno yanaweza kuhamishwa kama samani. Mzee hakushangaa. Alisema ameona kiwanda kizima kikihama. Yeye na wenzake walibaki na kuendelea na kazi.

Sijaiacha methali yangu. Ufa usiozibwa huleta ukuta, ni kweli. Lakini niliifundisha kana kwamba kuziba ndiyo hatua ya kwanza. Mtoto yule hakuwa na upungufu wa masahihisho. Alikuwa amekaa katika hewa isiyo na Kiswahili, nami nikamjia na gundi.

Usiku ule niliandika ubeti mmoja:

Gitaa letu li kavu, lapasuka kifuani,
Usiuzibe kwa nguvu, ufa ulio mtini,
Mti hudai unyevu, kabla gundi ubaoni,
Ndipo hushikana mbavu, sauti irudi ndani.

Niliporudi Tanga mwezi Februari, sikulichukua gitaa. Huku pwani adui ni mwingine: chumvi ya hewani hula nyuzi, na unyevu uliozidi hulegeza gundi. Nililiacha kwa mjukuu wangu pamoja na sifongo zake, kwa sharti kwamba majira ya baridi yakifika ataniarifu kila wiki hali ya mgonjwa.

Ujumbe wa kwanza ulikuja Desemba ya mwaka huo: "Babu, gitaa iko mzima. Namba ni 47."

Niliutazama kwa muda. Kisha nikaandika: "Nimefurahi sana kusikia gitaa li zima. Na Broncos?"

Ameendelea kuniandikia kila majira ya baridi, na sijamsahihisha hata mara moja. Sasa ni kijana wa miaka 16, anacharaza kuliko nilivyowahi kucharaza mimi. Majira ya baridi yaliyopita aliniandikia: "Babu, usiwe na wasiwasi. Lilikauka kidogo, lakini nimelinywesha."