Uvimbe Uliodunda



Haya tunayoyasimulia yalitupata sisi wenyewe, hapa Fungurume. Mwenye mguu ametupa ruhusa ya kuyaandika, mradi tusimtaje jina. Ametuomba pia tusijifanye wema kuliko tulivyokuwa. Tutajitahidi.

Ndugu yetu huyu huimba besi katika kwaya, na siku za kazi huchimba. Mnaijua kazi hiyo, maana wengi wenu mna kaka au baba anayeifanya: nyundo, patasi, mfuko wa mawe mgongoni, na jioni mabishano na mnunuzi juu ya mizani. Siku moja kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye ncha ya patasi kikamwingia pajani, upande wa ndani, juu kidogo ya goti. Damu iliruka kwa nguvu. Wenzake wakamfunga kwa shati, wakakaza, ikakoma. Tundu lenyewe halikuzidi upana wa ukucha. Baada ya wiki mbili lilikuwa limefunga, naye akarudi shimoni.

Uvimbe ulianza baadaye, kimyakimya. Kwanza ulikuwa kama yai la njiwa, kisha yai la kuku, kisha ngumi ya mtoto. Aliuficha chini ya suruali pana. Sisi tulianza kutambua katika mazoezi ya kwaya, kwa kuwa alisimama akiegemea mguu mmoja kama korongo. Alipotuonyesha hatimaye, tulitazama, tukabonyeza kwa kidole kimoja, tukatoa hukumu: jipu. Vidonge vya kukausha usaha alikwisha kuvimeza bila nafuu. Basi tukamshauri likatumbuliwe, na tulimshauri kwa sauti moja, kama tulivyozoea kuimba. Fedha za kulitumbua tulichanga siku hiyohiyo, tukajiona wakarimu.

Jumamosi tulimsindikiza kwenye zahanati ndogo. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mchache wa maneno. Kisu kilikuwa tayari juu ya sinia. Kabla ya kukigusa aliweka kiganja chake juu ya uvimbe, akatulia. Akaweka vidole viwili, kimoja kila upande, akavitazama. Nasi tulivitazama: vilikuwa vikisukumwa mbali kimoja na kingine, vikarudi, vikasukumwa tena, sawasawa na mapigo ya moyo. Akachukua stetoskopu, akasikiliza muda mrefu, kisha akatupa nasi tusikilize mmoja mmoja. Ilikuwa sauti ya mtu anayechekecha unga wa bukari, shaa, shaa, bila kuchoka.

“Mwanangu,” alimwambia, “hili si jipu. Nikilichoma utaniishia hapa mezani.”

Hakuna aliyejibu. Kisu kilirudishwa kwenye sanduku lake, nasi tukatoka nje tukakaa juu ya benchi. Mmoja wetu, aliyekuwa amesema kwa nguvu kuliko wote kwamba ni jipu, alitapika nyuma ya ukuta.

Madaktari huuita uvimbe wa namna hii anevrisimu. Katika anevrisimu ya kweli ukuta wa ateri umedhoofika, ukatanuka kama mpira wa baiskeli unaotokeza pale ulipolika. Ya ndugu yetu ilikuwa ile wanayoiita ya uongo: chuma kilitoboa ateri, damu ikatoka, nyama zilizoizunguka zikaizuia, ikajijengea mfuko. Mfuko huo hauna ukuta wa ateri. Umefunikwa na damu iliyoganda na ngozi ya kovu tu, na kila pigo la moyo husukuma damu ndani yake. Unaweza kupasuka. Unaweza pia kutuma vipande vya damu iliyoganda kwenye unyayo, ukaufisha mguu usiku mmoja. Ni jina la ajabu kwa kitu kinachoua kweli.

Ugonjwa huu ni nadra, na unadra wake ndio unaoponza watu, kwa sababu jipu tunaliona kila wiki. Wapo pia wanaodai kwamba maradhi ya ateri ni ya wazee na ya Wazungu. Mwaka 2010 Julius Ogeng’o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha utafiti juu ya anevrisimu za aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, nchini Kenya. Miongoni mwa wagonjwa wao walikuwamo hata watu wasiozidi miaka 40. Wala si kila uvimbe wa mishipa hutibiwa kwa kisu. Katika jumuiya yetu yupo mama ambaye mtoto wake mchanga alikuwa na uvimbe mwekundu shavuni, laini, uliokua haraka, na majirani wakasema mama huyo alitamani nyama ya mtu mwingine alipokuwa mjamzito. Huo ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu, na wengi huisha wenyewe kadiri mtoto anavyokua. Kwa ile inayotishia jicho au pumzi, iko dawa iliyogunduliwa karibu kwa bahati huko Bordeaux, Ufaransa, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2008: propranololi, kidonge kilekile cha moyo na cha shinikizo la damu. Mtoto mmoja alipewa kwa ajili ya moyo wake, na uvimbe ukaanza kufifia. Mama yetu yule alilia bure kwa maneno ya watu.

Turudi kwenye mguu.

Ekografia ya Doppler ilithibitisha aliyoyasikia muuguzi, na tukaambiwa upasuaji utafanyika Lubumbashi, karibu kilomita 200 kutoka hapa, kwa barabara ileile inayobeba malori ya shaba kwenda Kasumbalesa. Hapo ndipo ubaya wetu ulipojitokeza. Sanduku la kikundi lilikuwa na fedha tulizokusanya mwaka mzima kwa safari ya vijana kwenda Kolwezi: sare, nauli, chakula cha siku tatu. Tuliketi kulijadili. Mmoja alisema, “Yeye ni mmoja, sisi ni arobaini.” Mwingine alisema kwamba hata tukizitoa zote hazitatosha, kwa hiyo afadhali zisitoke. Hoja hii ya pili ilituvutia wengi, maana ilikuwa na sura ya hekima. Tulipiga kura, fedha zikabaki sandukuni. Ndiyo, wapendwa, zilibaki.

Siku mbili baadaye mama yake alikuja kwenye mazoezi. Hakutuomba kitu. Alikuwa anaamini kwamba jirani alimroga mwanawe kwa wivu, kwa sababu shimo lake lilikuwa limeanza kutoa mawe mazuri. Nasi tuliokuwa tumesikiliza kwa stetoskopu tulitaka kumsahihisha. Lakini alituuliza jambo moja tu: je, mwanawe akifa, tutamwimbia? Tulipiga kura ya pili usiku huohuo. Sare zipo mpaka leo kwa fundi, hazijashonwa. Zilizopungua tulikopa.

Tungependa kuwaambia jinsi mkono wa binadamu ulivyojifunza kushona ateri, kwa sababu tulipolisikia jambo hili tuliona ni la vijana. Mwaka 1785, London, John Hunter alimtibu mwendesha magari ya farasi mwenye anevrisimu nyuma ya goti: aliufunga mshipa kwa uzi pale juu, pajani, akaiachia damu itafute njia nyingine. Mtu akabaki na mguu wake. Ila kufunga kuna udhaifu, na sisi wa huku tunaweza kuuelewa vizuri. Fikirini reli pale Tenke, inapogawanyika, njia moja kwenda Kamina na nyingine kwenda Kolwezi na Dilolo. Ukiifunga reli upande wa Lubumbashi tu, treni inaweza bado kukujia kutoka nyuma. Ndivyo ilivyo kwa damu: huurudia mfuko kupitia vijimshipa vya pembeni. Jambo hilo lilimpata Rudolph Matas, New Orleans, mwaka 1888, kwa kijana aliyepigwa risasi mkononi. Alifunga, uvimbe ukaanza kudunda tena. Ndipo akaufungua mfuko wenyewe na kushona matundu kutoka ndani.

Mwaka 1894, Lyon, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu, mshipa mkubwa wa tumboni ukakatika, na madaktari hawakuwa na njia ya kuuunga. Daktari kijana wa mji huo, Alexis Carrel, hakukubali kwamba haiwezekani. Alikwenda kujifunza kwa mwanamke aliyetarizi nguo, akajifunza sindano nyembamba kabisa na uzi mwororo, na mwaka 1902 akatangaza namna yake: kuvuta mdomo wa mshipa kwa nyuzi tatu hadi duara liwe pembetatu, kisha kushona kila upande ulionyooka. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Wengine wenu mmewahi kusikia jina lake kwa habari ya Lourdes, ambako alikwenda mwaka huohuo wa 1902, akasimulia alichokiona kwa mgonjwa mmoja, na maneno makali yakazuka miongoni mwa madaktari wenzake. Lakini hatutaki mumfanye sanamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 alitetea kuondolewa duniani kwa watu aliowaona hawafai kuishi. Mkono uliojifunza unyenyekevu kwa mtarizi uliandika na hayo pia. Kama tungechagua wa kumshukuru kwanza, tungemshukuru mtarizi.

Lubumbashi daktari mpasuaji alitufafanulia kazi yake kwa kuchora kwenye kipande cha karatasi. Kwanza angefungua kwenye kinena, mbali na uvimbe, ili aishike ateri pale ilipo nzima na kuibana. Kisha angeibana chini ya uvimbe. Mpaka hapo, mfuko haugusi. Zote mbili zikiisha kubanwa, ndipo angeufungua, aondoe damu iliyoganda, atazame tundu. Likiwa dogo, angelishona. Likiwa kubwa, angekata kipande cha vena kutoka mguu wa pili na kukiunga mahali pa ateri iliyoharibika, akikigeuza juu chini, kwa sababu vena ina vilango vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Alisema hayo yote kwa utulivu wa mtu anayeeleza jinsi ya kubadili gurudumu. Kisha akaomba damu. Wanne kati yetu tulikuwa tumesafiri naye, wote wanne tukapimwa, watatu tukatoa.

Tulingoja kuanzia asubuhi. Tundu lilikuwa kubwa, vena ikatumika. Alipotolewa, kitu cha kwanza daktari alichofanya ni kufunua shuka na kuweka vidole juu ya unyayo, akitafuta mapigo. Akayapata. Akamwita mama yake aweke vidole vyake hapo, naye aliviweka, wala hakuviondoa mpaka alipoombwa kupisha kitanda.

Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawana upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Tulipoisoma hesabu hiyo tulikumbuka kura yetu ya kwanza, tukaona jinsi ilivyo rahisi kuwa na hoja nzuri mbele ya mtu asiyekuwamo chumbani.

Muuguzi yule tulimrudia kumpa habari. Alifurahi, akauliza kovu lina urefu gani, kisha akatutaka tupishe foleni.

Ndugu yetu sasa anatembea bila kuegemea. Wiki iliyopita alitwambia kwamba amerudi shimoni. Tulimgombeza wote kwa pamoja, tukamkumbusha vena, damu, barabara. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza ni nani mwingine atakayelipa deni lililomo katika daftari letu. Tulifungua daftari. Limebaki karibu nusu. Siku ya kurudi Lubumbashi kupimwa ni mwezi ujao, na nauli yake tumekwisha kuitenga.