Dereva wa Gari Lililouzwa

Kadi ya picha ya kompyuta ile haikufa kwa siku moja. Ilianza kwa madoa ya kijani pembezoni mwa kioo. Ikafuata mistari iliyokatiza nyuso za wazee waliokaa safu katika maulidi. Kisha picha ikawa inaganda, kioo kinakuwa cheusi kitambo kidogo, na picha inarudi kana kwamba hapakutokea jambo. Aliyekuwa akiitumia, mkaazi wa Maskati aliyevuka miaka hamsini, aliyatazama hayo kwa wiki tatu asimwambie yeyote. Kompyuta haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake, na kaka yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Marehemu alikuwa akihamisha kanda za video. Familia nyingi za Waomani waliotokea Zanzibar, ambazo zilirejea baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, zina kabati lenye kanda za VHS: nikahi, maulidi, safari ya Unguja kuzuru ndugu waliobaki, babu akizungumza barazani huku kamera ikitetemeka mkononi mwa mjukuu. Mashine za kuzichezea kanda hizo zimetoweka madukani, na utepe wenyewe huchakaa hata ukilala kabatini. Marehemu alizipokea, akazipitisha katika kompyuta, akazirudisha kwa wenyewe zikiwa faili. Hakutoza pesa nyingi. Alipofariki, kanda nyingine zilikuwa bado zimepangwa chumbani mwake, kila moja imeandikwa jina la nyumba ilikotoka. Mdogo wake alijitwika kuimaliza kazi hiyo.

Hatimaye alimwita mtoto wa marehemu, kijana anayefanya kazi ya kompyuta katika afisi moja mjini. Kijana alikitazama kioo, akaisikiliza feni iliyokuwa ikikoroma kwa vumbi, akasema kadi imechoka. Wiki iliyofuata alikuja na kadi nyingine, iliyotumika lakini nzima. Ya zamani ilikuwa Radeon, ya AMD. Aliyoileta ilikuwa GeForce, ya NVIDIA.

"Kwanza tufute draiva zote za zamani, Ami," alisema. "Tuisafishe, ndipo tutie mpya."

"Unataka kufuta kitu cha baba yako?"

"Nafuta cha kadi ya baba."

Hapo mazungumzo yalikwama, kwani ami yake alikijua kitu ambacho kijana hakukijua. Miaka mingi nyuma marehemu alikuwa amelalamika kwamba kanda nyingi zinaelemea wekundu. Jioni moja aliifungua paneli ya mipangilio ya kadi, akashusha wekundu, akapandisha mwangaza kidogo, akapunguza ukolevu wa rangi, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake, akaridhika. Tangu siku hiyo hakuigusa tena. Kwa mdogo wake, tarakimu zile tatu zilikuwa ndiyo alama ya mwisho ya mkono wa kaka yake iliyobakia ndani ya mashine. Nguo zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Simu ilikuwa imekwisha kufungwa.

Kiswahili kimelipokea neno hili mara mbili. Kwanza lilikuja na magari, likawa dereva. Kisha lilikuja na kompyuta, likawa draiva: programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kukiongoza kifaa fulani, kujua kinaombwaje na kinajibuje. Undugu wa maneno haya mawili unasaidia kulielewa swali lililokuwa mezani. Gari likiuzwa, dereva wake afanywe nini? Anaweza kuachishwa kazi kwa heshima. Anaweza pia kuachwa aendelee kuja kila asubuhi, akaketi barazani na funguo zisizofungua kitu. Huenda asimdhuru mtu. Huenda pia siku moja akaingilia kazi ya mwenzake aliyeajiriwa kuliendesha gari jipya.

Desturi ya kusafisha ina sababu zake katika historia. Katika zama za Windows XP, sehemu kubwa ya draiva ya picha ilifanya kazi katika kiini cha mfumo, na kosa lake dogo liliweza kuiangusha kompyuta nzima kwa kile kioo cha buluu kilichowatia watu hofu. Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007, iliigawa kazi hiyo: sehemu kubwa ikatolewa nje ya kiini, na mfumo ukapewa uwezo wa kuianzisha upya kadi iliyokwama bila ya kuizima mashine. Kwa kawaida mfumo huisubiri kadi kwa sekunde mbili. Isipojibu, huizindua. Kule kuganda na kurudi ambako mwenye kompyuta alikutazama kwa wiki tatu kulikuwa ndiko huko: mfumo ukimwamsha mgonjwa mara kwa mara, na mgonjwa akiitika kila mara kwa sauti dhaifu zaidi.

Wanaosema hapana haja ya kusafisha nao wana hoja nzito. Kila kadi ikichomekwa hujitambulisha kwa namba. Vifaa vya AMD vilivyorithi ukoo wa ATI hujitambulisha kwa 1002, vya NVIDIA kwa 10DE, vya Intel kwa 8086. Windows huisoma namba hiyo pamoja na namba ya aina ya kifaa, kisha hutafuta draiva inayolingana nazo. Draiva inayoingojea 1002 haiitwi wakati aliyebisha hodi ni 10DE. Faili zake hubaki ghalani mwa mfumo zimelala. Mtu anayehama kutoka kadi moja kwenda nyingine ya kampuni ileile hana haja hata ya kuwaza sana, kwani mara nyingi draiva moja mpya huzihudumia kadi za vizazi kadhaa, na kuisakinisha juu ya ile ya zamani hutosha. Na kompyuta inayofanya kazi bila ya lalamiko haihitaji kusafishwa kwa sababu tu mtu fulani anapenda usafi.

Lakini draiva za picha za siku hizi haziji peke yake. Huja na msafara: paneli ya mipangilio, programu ya kurekodi, huduma zinazoamka pamoja na mashine, ratiba za kutafuta matoleo mapya. Kadi ikiondoka, msafara hubaki. Paneli huamka kila asubuhi, humtafuta bwana wake, humkosa, na hutoa tangazo la kosa. Wakati mwingine michezo au programu za kuhariri video hukuta mabaki ya kampuni mbili na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana anayehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine hushauriwa kuifuta ya zamani kwa njia ya kawaida ya kuondoa programu, na kuzitumia zana kali zaidi matatizo yanapotokea au kufuta huko kunapogoma. AMD yenyewe hutoa programu ya kusafishia mabaki yake. NVIDIA imeweka katika kisakinishi chake chaguo la kuanza upya. Wengi pia hutumia Display Driver Uninstaller, ambayo hupendekezwa kuendeshwa katika hali salama, ambamo Windows huamka na vitu vichache tu vya lazima.

Kijana aliyaeleza hayo kwa utaratibu, na ami yake alimsikiliza kwa utaratibu uleule. Kisha aliuliza swali moja tu.

"Tukiiacha draiva ya zamani, ile rangi ya baba yako itabaki?"

"Haitabaki, Ami. Ile rangi ilikuwa ya kadi ile. Hii mpya haitaisoma. Tukiifuta imekwenda, tukiiacha imekwenda."

Jibu hilo lilikuwa gumu kulipokea, kwa kuwa liliondoa hata faraja ya kuchagua. Alichokuwa akikilinda kilikuwa kimefungamana na kipande cha chuma kilichokuwa kikifa mbele yake. Walikaa kimya. Kisha kijana alifungua paneli, akatoa simu yake, akapiga picha ya kioo. Ami yake hakuiamini simu. Alichukua daftari lilelile ambamo marehemu aliandika majina ya nyumba, akainukuu kila tarakimu kwa kalamu, na chini yake akaandika tarehe.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya saa mbili. Walinakili faili zote kwenye diski ya nje, ingawa kufuta draiva hakugusi picha wala video za mtu. Walitengeneza kituo cha kurejea endapo mambo yangeharibika. Walipakua draiva ya kadi mpya mapema na kuiweka kwenye flashi. Walichomoa waya wa intaneti, kwa sababu Windows ikiuona mtandao huweza kujiletea draiva yake kabla ya mtu kumaliza. Waliingia katika hali salama, wakafuta, wakazima, wakachomoa umeme. Kadi ya zamani ilipotoka, ilibeba juu yake utando mzito wa vumbi la Maskati. Kijana alitaka kuitupa. Ami yake aliifunga ndani ya kitambaa na kuiweka kabatini pamoja na kanda.

Kompyuta iliamka na maandishi makubwa, ikitumia draiva ya msingi ambayo Windows huwa nayo akiba. Walisakinisha ile mpya, wakawasha upya, na kioo kikatulia. Hapakuwa na madoa wala mistari. Kijana alifungua mojawapo ya faili ambazo baba yake alikwisha kuzimaliza na kuzirudisha kwa wenyewe: maulidi ya miaka ya themanini. Kanzu za wazee zilikuwa nyekundunyekundu, na nyuso zao kama za watu waliokaa karibu na tanuri.

Walidhani kadi ni mbovu. Kijana aliihamishia faili ileile kwenye simu yake. Wekundu ulikuwa uleule. Aliifungua katika kompyuta yake mwenyewe. Wekundu ulikuwa uleule. Hapo ndipo walipotambua kilichotokea kwa miaka yote ile. Mipangilio ya kadi hubadilisha kinachoonekana katika kioo. Haiingii ndani ya faili. Marehemu alikuwa ameurekebisha wekundu kwa macho yake peke yake. Kila alipotazama aliona kanzu nyeupe, akaridhika, akaisafirisha faili kama ilivyotoka kwenye kanda. Nyumba zote alizozihudumia zilipokea nyuso nyekundu, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila nyumba ilidhani ndivyo uzee wa kanda ulivyo.

Ami alizima kioo. Kwa muda alionekana kujuta, kana kwamba kusafisha kule kumemfunua kaka yake mbele ya mwanawe. Lau wangekosa kadi mpya, siri ile ingebaki imesitirika, na kumsitiri maiti ni wajibu. Alisema hawatamwambia mtu. Kanda zilizobaki wangezirekebisha ndani ya faili, kama inavyopasa. Zile zilizokwisha kutoka zingeachwa kama zilivyo.

Kijana hakujibu haraka. Aliliburuta daftari, akazitazama tarakimu zilizonukuliwa, kisha akafungua programu ya kuhariri na kuzifuata kwa kukisia, safari hii ndani ya faili yenyewe: wekundu chini, mwangaza juu kidogo, ukolevu chini. Namba hazikulingana sawasawa, kwani kila programu ina kipimo chake, lakini zilimwonyesha mwelekeo. Kanzu zilirudi kuwa nyeupe. Nyuma ya wazee ukatokea ukuta wa rangi ya maji ya bahari, ambao hakuna aliyeuona tangu kanda ile irekodiwe isipokuwa mtu mmoja, chumbani humu.

"Ami," alisema, "baba aliiona sawa. Haikufika tu. Hili ni deni lake, na deni la maiti hulipwa na warithi wake."

Ami yake aliutazama ule ukuta kwa kitambo kirefu. Kisha alilivuta daftari upande wake, akarudi ukurasa wa kwanza, penye nyumba ya kwanza kabisa ambayo kaka yake aliihudumia, na akaitafuta namba yao ya simu.