MP4 ya Mchina, Ngoma Tano na Msanii Asiye na Kopi

Leo hakuna udaku, hakuna aliyeachika, hakuna aliyefumaniwa. Leo naongelea MP4. Ndiyo, ile MP4 ya Mchina yenye kioo kidogo kama stempu, iliyokuwa inatamba mtaani kabla simu za kupangusa hazijashuka bei.

Niliikumbuka kwa sababu tarehe 10 Mei 2022 Apple walitangaza kwamba iPod ndiyo basi tena, zilizobaki dukani zikiisha zimeisha. Mitandaoni watu walilia, wakaposti iPod zao za zamani. Kiukweli mimi iPod sijawahi hata kuishika. Ile ya kwanza kabisa Steve Jobs aliitambulisha tarehe 23 Oktoba 2001, ina GB 5, inabeba nyimbo 1,000, bei dola 399. Kwetu Mbagala hizo dola 399, ukizibadilisha kwa pesa ya leo, unalipa chumba mwaka mzima na chenji inabaki.

Sisi iPod yetu ilitoka Kariakoo. Kaka yangu aliniletea mwaka 2012 nikiwa kidato cha pili, nyeusi, nyembamba, nyuma imeandikwa 8GB. Haina jina la kampuni, imeandikwa MP4 Player basi, kama mtoto aliyepewa jina la Mtoto. Ilikuwa na muziki, video, redio ya FM, picha, sehemu ya kurekodi sauti na gemu moja la matofali. Kichekesho ni kwamba inaitwa MP4 lakini ukiiwekea faili la MP4 haichezi! Ilikuwa inataka AMV, kwa hiyo video lazima uibadilishe kwanza kwenye kompyuta kwa ile programu ya kwenye kisidii kilichokuja na boksi. Ukimaliza kuibadilisha, picha imekuwa ndogo mpaka mtu akisimama mbali kidogo hujui ni msanii au ni mnazi. Na tuliangalia hivyo hivyo, tunaipokezana, tunacheka.

Nyimbo tulijaziwa steshenari. Shilingi 100 wimbo mmoja, na kaka wa pale anakuuliza, "Nikuwekee za hapa au za mbele?" Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida ni kama MB 4, kwa hiyo ukipiga hesabu ya GB 8 unaona una nyimbo kama 2,000, tajiri kabisa. Hiyo hesabu ya GB 8 ishike, tutairudia.

Nilisoma bwenini, mkoani huko, shule siitaji. Simu marufuku, na MP4 nayo ikikamatwa ndiyo imekwenda. Tuliificha ndani ya pakiti ya pedi, maana matroni wetu alikuwa anapekua kila kitu isipokuwa hiyo. Kuchaji tulimpa mwanafunzi wa kutwa, anaondoka nayo Ijumaa, Jumatatu inarudi imejaa. Usiku watu wawili hedifoni moja, sikio lako na sikio langu, kwa zamu. Ukizidisha nyimbo tatu unasikia "wee, shuka!" kutoka kitanda cha juu.

Sasa nije kwenye stori yenyewe.

Mtaani kwetu kulikuwa na msanii mmoja. Jina namhifadhia, siku hizi ana familia na anaendesha bodaboda. Wakati huo alikuwa anajichanga, anarekodi kwenye kistudio kimoja cha uchochoroni, magodoro ukutani na feni inazimwa kila mtu akiingiza sauti. Alitoa ngoma tano. Alizungusha redioni, hazikupigwa. Siku moja mwisho wa likizo akanikuta nje na kiflashi mkononi akasema, "Mdogo wangu, ziweke kwenye hiyo MP4 yako, ukawasikilizishe wenzako huko shule."

Nikaenda nazo. Wadau, ile ngoma ya tatu ilishika bweni zima. Ilikuwa inamhusu dada anayeuza vitumbua stendi ambaye kila mtu anamjua kwa vitumbua vyake ila hakuna anayejua jina lake. Watu walikuwa wanafua wanaimba kiitikio, wanapiga deki wanaimba. Msanii hatukumjua kwa jina la kisanii, tulimwita "yule wa Mbagala". Mpaka tunamaliza kidato cha nne mwaka 2014, usiku wa mahafali tuliimba kile kiitikio kuliko ngoma yoyote ya redioni. Yeye hakupata hata shilingi, na hakujua. Shule tumemaliza, kila mtu na maisha yake, mimi mwenyewe sikuwahi kukutana naye vizuri nimwambie.

Mwezi wa tatu mwaka 2022 akaja nyumbani, kapaki pikipiki, kavua kofia, kamsalimia mama vizuri. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, ile MP4 yako bado ipo?"

Kumbe hana wimbo wake hata mmoja. Kompyuta ya studio ilikufa na kila kitu, prodyuza kahama. Kiflashi kilipotea. CD alizokuwa nazo zimekwaruzika mpaka hazisomi. Na ana binti wa miaka saba ambaye kijiweni anasikia watu wanamwita baba yake kwa jina la kisanii, akamuuliza, "Baba, kweli wewe uliimbaga?" Kamwambia ndiyo. Mtoto kamwambia, "Niwekee nisikie." Hana cha kuweka.

Tuliikuta kwenye sanduku la mama. Betri imevimba mpaka kioo kimebinuka. Wengi wetu hapo tungechomeka chaja tuone kama inawaka. Usifanye hivyo, betri ya lithiamu ikishavimba ukiichaji inaweza kushika moto. Tukampelekea fundi simu wa mtaani, mzee mmoja mtaratibu. Akaitoa ile betri akaiweka nje mbali na meza, akachukua betri ya simu ya kitochi, maana nayo ni volti 3.7, akaunganisha nyaya mbili. Ikawaka! Akachomeka waya wa USB kwenye laptopu, mafaili yakatokea. Ngoma zote tano zipo, majina kama yalivyokuwa. Jamaa akashika kichwa.

Ya kwanza ikapiga. Ya pili ikapiga. Ya tatu, ile yenyewe, ikapiga sekunde chache ikaanza kukwaruza, mara ikaingia katikati ya wimbo mwingine kabisa wa mtu mwingine. Ya nne ikapiga. Ya tano kimya.

Fundi akatuelewesha. Hii siyo GB 8. Ndani kuna chipu ya GB 2, ila programu yake imechezewa iseme 8. Ukishajaza GB 2 za kweli, kifaa hakikatai, kinaendelea kupokea. Kinaandika jina la wimbo kwenye orodha, ila wimbo wenyewe hauna pa kukaa, kwa hiyo unakwenda kukaa juu ya wimbo wa zamani na kuufuta. Tulipokuwa shule zilipiga zote kwa sababu ilikuwa bado haijajaa. Baada ya hapo wadogo zangu waliendelea kuitumia na kujazia za kwao, wakiamini kuna GB 8. Muuzaji wa siku ile alikula hela yake akaenda zake, na miaka kumi baadaye ngoma ya mtu imebaki jina.

Nilimwangalia yule kaka. Hakusema kitu, alikuwa anatikisa kichwa tu taratibu. Ngoma tatu zimepatikana, ila ile ya vitumbua ndiyo alitaka binti yake aisikie, kwa sababu yule dada wa kwenye wimbo ndiye mama wa mtoto. Hapo ndipo na mimi nilipojua.

Usiku nikaandika kwenye grupu letu la waliomaliza 2014. "Nani anakumbuka kiitikio cha yule wa Mbagala?" Wadau, mpaka asubuhi sauti kumi na moja zimeingia. Mmoja ni nesi yuko zamu, anaimba kwa kunong'ona. Mwingine ana mtoto analia nyuma. Mwingine kaimba na beti la kwanza lote, hajakosea. Nikamrushia yeye zote. Alikaa kimya kama saa nzima, kisha akanipigia. Alichouliza ni kimoja: "Hawa wote walinijulia wapi?"

Beti la pili hakuna anayelikumbuka, hata yeye mwenyewe. Ameandika jipya, na anatafuta hela ya studio. Siyo ile ile, na hadanganyi kwamba ni ile ile.

Sasa mtu ataniambia, "Wewe na MP4 yako, siku hizi si kila kitu kiko mtandaoni?" Siyo kweli. Kilichoko mtandaoni ni kile ambacho mtu alikipandisha. Ngoma za mtaani za miaka ile nyingi hazikupanda, zilipita flashi kwa flashi na MP4 kwa MP4. Na hata hizo programu za kusikilizia muziki, kuna ambazo ukiacha kulipia, nyimbo ulizohifadhi hazifunguki tena. Pale unakodi, kama chumba. MP4 pamoja na uongo wake wote, ilikuwa haikudai bando. Ulichoweka ni chako mpaka kifaa kife, na vyetu vinakufa sasa hivi, sandukuni, kimya kimya.

Kwa hiyo leo fungua hilo droo. Betri ikiwa imevimba usichaji, mpelekee fundi. Ukihamisha nyimbo usisome majina ukaridhika, sikiliza kila moja mpaka mwisho. Weka sehemu mbili, siyo moja. Ukinunua flashi au memori mpya ipime kwa programu ya bure inayoitwa H2testw ikiwa bado tupu, maana kipimo chenyewe kinaijaza. Na wasanii wadogo, sajilini kazi zenu COSOTA na kopi moja mpeni mtu mwingine aitunze.

Haya, niambieni kwenye komenti: kwenye MP4 yako au simu yako ya zamani kuna ngoma gani ya mtaani kwenu ambayo huipati popote? Na kama ulisoma na sisi na unalikumbuka lile beti la pili, nitumie sauti hata usiku wa manane. Kuna mtoto anasubiri.